Hongera, Pampu Imefungwa

Hongera, kaka. Umeichokonoa Golf GTI yako ya 2007 kwenye maegesho ya fleti, ukachomoa pampu ya presha kubwa ya kiwandani, ukafunga nyingine inayomwaga petroli zaidi, na boliti moja tu ndiyo imebaki bila makao. Ile ya zamani ilisukuma petroli kwa takriban baa 110, zaidi ya mara 40 ya upepo wa tairi zako. Kwako hiyo ilikuwa maji ya mfereji siku ya mgao. Kutoa presha kabla ya kufungua paipu? Mambo ya waoga, na ya watu wenye nyusi.

Swali dogo: kile kikombe cha chuma kati ya pampu na kemshafti, ulikitazama? Huliwa polepole mpaka kikatoboka, na pampu mpya yenye springi kali itakiharakisha. Tena kompyuta ya gari hukuiambia lolote, kwa hiyo bado inaagiza presha ileile ya jana.

Si neno. Kesho asubuhi utaingurumisha kwenye foleni ya Mombasa Road, nyuma ya lori la mchanga.