Saa ya Mwizi na Mwenye Kuku

Kuku hahitaji kubembelezwa alale. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima, na kuku wangu hawasubiri hata adhana ya magharibi. Wanaacha kuparua, wanajikusanya, wanaingia bandani wenyewe. Watoto wangu, wenye saa ukutani na simu mkononi, hawajawahi kunipa heshima hiyo.

Anayedhani kazi imeishia hapo hajafuga. Kazi ya mchana ni kumwaga pumba na kubadilisha maji, na mtoto yeyote anaiweza. Ufugaji wenyewe huanza usiku, kwa sababu moja: kuku gizani haoni. Jicho lake limeumbiwa mchana. Linaona rangi hata kutushinda sisi, lakini giza likishaingia anabaki palepale alipo, akisubiri majaliwa yake. Kanu analijua hilo. Mwizi analijua. Na mwenye kuku naye, akitaka kuwatunza vizuri, inabidi afanye kazi saa zilezile za mwizi, na kwa mbinu zilezile.

Tuanze na mahali pa kulala. Ukiwatazama kuku wakigombania fito jioni utadhani ni abiria wa daladala ya Gongo la Mboto. Kuna tetea mmoja mwekundu, upanga umemlalia upande, ambaye watoto wamempa jina la Bi Mkubwa. Yeye kona ni yake. Akimkuta mwenzake amekaa pale hamfokei. Anamdonoa kichwani mara moja, na yule anashuka bila kukata rufaa. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeandika mwaka 1922 kwamba kila kundi la kuku lina vyeo vyake: wa kwanza anamdonoa wa pili, wa pili anamdonoa wa tatu, mpaka kwa yule wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Alianza kuwachunguza tangu akiwa mtoto. Sina shaka alikuwa akiwachunguza jioni.

Ugomvi huu una dawa. Fito zote ziwe kimo kimoja, na zizidi viota vya kutagia kwa urefu. Zikipangwa ngazi, kila mmoja atataka ya juu. Viota vikizidi fito, watahamia huko kulala, na asubuhi utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi.

Baada ya fito ni hewa. Huku kwetu Goba nilishauriwa nizibe banda pande zote kwa turubai, kuku wasipate baridi. Baridi gani, Dar es Salaam, Januari? Kuku hatoi jasho. Akishikwa na joto hupumua mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Kinyesi nacho kikilowana hutoa amonia, na kipimo chake hakiuzwi dukani: unachuchumaa, unaingiza kichwa bandani mpaka pua iwe usawa wa kuku, unavuta pumzi. Macho yakiwasha, maranda yabadilishwe na madirisha yaongezwe. Nilikuwa katikati ya kipimo hicho, kichwa ndani, kilichobaki nje, nikamsikia mama watoto akimjibu mtu kwenye simu: “Baba yupo, ila yuko na kuku wake. Hebu piga baadaye kidogo.”

Kwa hiyo madirisha yangu yako wazi, ila yamepigwa wavu mgumu uliochomelewa, wa matundu madogo. Ule wavu laini wa matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke. Mwenye meno haumzuii kuingia. Mlangoni kuna komeo na kufuli. Komeo ni la kanu, kufuli ni la binadamu.

Ukishafunga, unahesabu. Na ukihesabu, anapungua mmoja.

Anayepungua ni tembe wangu mweusi, ambaye ameamua kwamba banda ni la washamba na yeye atalala mwembeni. Hoja anayo: jamaa zake wa mwituni, kule kwenye misitu ya Asia, hulala mitini hadi leo. Kanu naye anayo hoja yake: anapanda mti vizuri tu. Kumshusha tembe wa namna hii kabla ya giza ni kumfundisha kuruka. Unasubiri giza likolee, unampandia taratibu, unamkumbatia mabawa kwa mikono miwili, unamleta kifuani. Hapigi kelele. Tatizo ni kwamba mwembe wangu umetupa tawi lake zuri kuliko yote juu ya ukuta wa jirani, na ndilo alilolichagua.

Usiku mmoja vijana wa ulinzi shirikishi wakanimulika. Hebu fikiria walichokiona: mtu mzima, kavaa msuli, yuko juu ya ukuta, kuku kwapani, na kuku mwenyewe kanyamaza.

“Shikamoo mzee,” akasema kiongozi wao, maana adabu ni adabu hata kwa mwizi.

“Marahaba.”

“Samahani mzee, huyo kuku ni wa nani?”

“Wangu.”

“Na ukuta?”

Hapo nikakosa la kusema. Mmoja wao akanitetea, akasema mwizi wa kuku huwa na gunia na mimi sina. Mwenzake akamjibu kwamba labda ndiyo kwanza naanza. Tulikuwa tukielekea kwa mjumbe kimawazo, bado kuteremka tu, dirisha la jirani likafunguka. “Mwacheni,” sauti ikasema kwa uchovu. “Ndivyo alivyo. Kila siku yuko hapo.” Miezi yote ile nilikuwa napanda kwa kunyata nisimwamshe.

Nisieleweke vibaya, giza lina fadhila zake. Chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mchana, kumkamata kuku mmoja kunataka watoto wawili, tenga na matusi. Usiku unamchukua kwenye ufito, anapata tone lake, anarudi, na wa pembeni yake hajageuza shingo. Utitiri mwekundu nao ni wa usiku: mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, giza likiingia hutoka kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito usiku. Kikitoka na madoa mekundu, umejua mayai yalikopotelea. Kitambaa kilichokuwa karibu nami kilikuwa cha mezani, na hilo lilizungumzwa kwa kirefu ndani ya nyumba.

Hata kuku mgeni, ambaye wahenga walisema hakosi kamba mguuni, ukimpenyeza katikati ya wenzake usiku, wakaamka wote pamoja, vita hupungua. Haviishi, ila hupungua. Na vifaranga yatima wa siku moja, ukiwasukuma mmoja mmoja chini ya mbawa za kuku aliyetoka kuangua, mara nyingi asubuhi anawahesabu wote kuwa wake. Mimi huku nahesabu na kupungukiwa. Yeye anaongezewa na wala hashtuki.

Adui asiye na fadhila yoyote ni siafu. Kanu anazuiwa na wavu, mwizi na kufuli, lakini siafu hupita penye hewa, na hewa ndiyo hiyo tuliyoipigania. Kuku wa mchana angewakimbia. Kuku wa usiku anabaki juu ya ufito akiliwa miguu, na wanaweza kummaliza kabisa. Mwaga majivu kuzunguka banda, hiyo ndiyo kinga tuliyorithi, na ni kinga nzuri mpaka mvua inyeshe.

Ilinyesha usiku ambao mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na kwa kuwa nyumba ni ndogo alikuwa amelala sebuleni. Nilitoka baada ya kusikia mkoromo mdogo bandani, ule ambao kuku huutoa akiwa na wasiwasi. Tochi ikanionyesha mstari mweusi unaopanda nguzo. Jikoni palikuwa na vifaranga na jiko la moto, stoo ufunguo haukuonekana. Nikawapangusa siafu, nikawaingiza kuku wawili wawili, kimya kimya, nikawapanga juu ya mgongo wa kochi. Hawakunisumbua. Kuku akikunja mguu, kano hukaza vidole vyenyewe, kwa hiyo hata usingizini haanguki. Jogoo nikamweka nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga usoni, anapumua vizuri. Mpango wangu ulikuwa kuwatoa wote kabla hajaamka kuswali.

Mpango huo uliwasahau Wajapani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo hawiki kwa kuwa tu ameona mwanga; ana saa yake mwilini, na hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika hutangaza alfajiri kabla haijafika. Pazia halina maana kwake. Jogoo la kwanza lilipiga sebuleni kwangu, hatua mbili kutoka kwenye mto wa mama mkwe.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameketi, kanga mabegani, anatazama ule mstari wa kuku juu ya kochi.

“Baba.”

“Naam mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Huyo anayewika yuko humu ndani, au mimi ndiye ninayeota?”

“Yuko humu, mama. Bandani wameingia siafu.”

“Na hawa?”

“Ni wenzake.”

Akawapitia mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, kama mtu aliyefuga miaka mingi kuliko mkwewe. “Sawa,” akasema. “Basi kabla hujawarudisha, nionyeshe yupi ni wa mchana.”

Mkwe haambiwi hapana. Akamnyooshea kidole Bi Mkubwa, na jioni ile vyeo vyote vya Schjelderup-Ebbe vikaanza kugombewa upya.

Siku hizi wanauza mlango wa banda unaojifunga wenyewe giza likiingia, kwa umeme wa jua. Ni kitu kizuri. Hausahau, hauchelewi msibani, haulali. Lakini hauhesabu vichwa: ukijifunga na tembe yuko mwembeni, umemfungia nje kwa ufanisi mkubwa. Kwa hiyo mimi na tochi yangu bado tuna ajira.

Juzi nilimweleza mhazini wa ulinzi shirikishi kwamba kwa jinsi ninavyozunguka usiku, mtaa unanufaika, na mchango wangu ungepaswa kupunguzwa. Akafungua daftari, akatafuta jina langu, akaweka kidole.

“Mzee wangu, wewe unalinda kuku. Sisi ndio tunaokulinda wewe usipigwe.”

Nikalipa wote. Akanikatia risiti, halafu akauliza kama mayai yapo.