Friji Isiyopenda Mlima

Mama mkwe aliifungua friji kwa mkono wake mwenyewe, pale uani kwake Bunda, majirani wakiwa wameshasogea kulitazama gari lenye kitanda. Akaifunga taratibu. "Baba," alimwambia mkwewe kwa ule upole unaouma kuliko tusi, "hawa sato mmewaleta tuwale au tuwazike?" Watoto waliokuwa wakining'inia mlangoni walishuka mmoja mmoja, wamejiziba pua.

Mkwe huyo, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alitazama viatu vyake. Daftari la safari lilikuwa na kila kitu: mafuta, tairi la akiba, kizimamoto, pembetatu za kuakisi mwanga, hata vijiji ambako trafiki hukaa na tochi kuwangojea wanaovuka kilomita 50 kwa saa. Hiace ya zamani ilitolewa viti, ikawekwa godoro, jiko la gesi, tangi la maji na friji ya mtumba kutoka Ulaya. Samaki wanunuliwe Musoma, mwaloni Mwigobero. Gari lipite Makutano, likunje kwenda kulala Butiama. Asubuhi ni kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake, kisha barabara kuu mpaka Bunda, ukweni.

Daftari halikuuliza kama Butiama ni tambarare. Si tambarare. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ziwani kwenda kwa Mwalimu ni kupanda. Gari lililala limeinua pua, dirisha likitazama vilima. Mandhari ilikuwa nzuri sana.

Friji ya aina ile, hata hivyo, inastahili heshima. Haina mota wala kompresa, haingurumi. Iliundwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka uleule aliozaliwa Mwalimu, kwa hiyo pale Butiama walikutana wa rika moja. Ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na haidrojeni. Mwali mdogo wa gesi huchemsha maji yenye amonia. Amonia hutoka kama mvuke, hupanda, hupoa mgongoni mwa friji na kuwa kimiminika. Kikikutana na haidrojeni, kimiminika hicho hugeuka mvuke tena hata kwenye baridi, na joto la kukigeuza hukwapuliwa kwenye chakula. Halafu maji huinywa amonia, na safari inaanza upya. Moto unagandisha barafu! Albert Einstein mwenyewe alihangaika na friji zisizo na mota; mwaka 1930 yeye na Leo Szilard walipewa hataza ya Marekani kwa ya kwao.

Ila maji hayo hayana pampu. Yanarudi chini kwa mteremko wa mabomba tu. Ukiiinamisha friji kupita digrii chache, yanatuama pasipo pake, mzunguko unakatika, na mwali unaendelea kuwaka usiku kucha kwa uaminifu mkubwa, ukipasha moto sato wa ukweni.

Yote haya huandikwa kwenye kijitabu. Friji iliuzwa bila kijitabu; kibandiko cha onyo kilikuwa cha Kijerumani, kimekwanguka nusu. Muuzaji alipoulizwa alijibu, "Vya Ulaya hivi, havifi." Na hapa kicheko kinakauka kidogo. Minofu ya sangara wa ziwa hilihili huenda Ulaya katika baridi inayopimwa kila hatua, kwa sababu mlaji wa huko ana sheria ya kumlinda. Watu wa mwambao wanabakiziwa mapanki. Kinachorudi ni friji iliyochoka, isiyo na karatasi, na anayeinunua akidhurika, hana wa kumuuliza.

Friji haikuwa mkosaji pekee wa safari. Tangi la maji lilimwagikia godoro karibu na Makutano. Turubai la kivuli lilichukuliwa na upepo wa ziwani. Mwembe wa ukweni ulikwangua paa.

Safari ijayo imepangiwa kusini mwa Bunda, upande wa lango la Ndabaka, ambako mbuga za Serengeti zimelala bapa. Orodha mpya inaanza na pimamaji ya fundi ujenzi na mawe ya kuinulia magurudumu yaliyo upande wa bonde. Pimamaji imeshanunuliwa. Mawe, Musoma, hayanunuliwi.