Wembe wa Kitovu

Mimba ilimjaza wifi yangu nywele. Za kichwani zilishiba mpaka kitana kikavunjika meno, tukafurahi. Ila zilichomoza pia mahali ambapo hakuwa nazo: kidevuni, kuzunguka kitovu, na kando ya ule mstari mweusi ulioshuka kutoka kitovuni mpaka chini. Ndivyo mwili unavyofanya. Homoni za ujauzito, hasa estrojeni, huzichelewesha nywele za kichwani zisidondoke kwa wakati wake, na homoni nyingine huviotesha vinyweleo tumboni na usoni. Mtoto akishazaliwa, mambo hurudi taratibu yalivyokuwa.

Yeye mwenyewe hakuhangaika. Aliyehangaika ni mama yangu. Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, mama alimwita mkaza mwanawe pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Siku zimekaribia, mwanangu. Usiende kwa wakunga hivyo ulivyo." Kisha akaendelea kuchambua mchicha. Hakutaja kitu, na hakukuwa na haja ya kutaja. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na huku mwanamke huambiwa mambo ya usafi kwa njia hiyo, akaelewa.

Mama alikuwa na hoja yake ya dini pia. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya Anas bin Malik inayoweka ukomo wa siku arubaini kwa kupunguza masharubu, kukata kucha, kuondoa nywele za kwapa na za kinena. Hilo mama alilihifadhi tangu chuoni. Asichokikumbuka ni kwamba wanazuoni hawakulazimisha wembe. Mkasi, kung'oa na dawa ya kupaka vyote vimetajwa kuwa vinatosheleza. Kwa mama, kujisafisha kulikuwa ni wembe, basi.

Na wembe ulikuwepo. Wajawazito wengi nchini bado huambiwa waje na vifaa vyao siku ya kujifungua, na mfuko wa wifi ulikuwa umekwisha pangwa nyuma ya mlango: khanga kuukuu zilizofuliwa na kupigwa pasi, glovu, pamba, kibanio cha kitovu, shuka la mpira, na nyembe mpya ndani ya karatasi zake. Nyembe zile ni za kukatia kitovu cha mtoto. Ndiyo maana huagizwa mpya, zisizofunguliwa. Siku hiyo ya Jumamosi wifi alichomoa mmoja, akachukua kioo cha mezani, sabuni na ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaingia bafuni na kujifungia.

Hapo lazima nieleze mlango wa bafu. Mdogo wangu ni seremala. Alipooa, alisema mkewe hataogea nyuma ya bati lililotoboka kama watu wengine, akatengeneza mlango wa mninga, mzito, wenye bawaba kwa ndani na komeo la chuma. Majirani waliuonea wivu mlango ule. Haukuwahi kugoma, na hakuna aliyewahi kufikiri ingekuwaje aliye ndani akishindwa kuufungua.

Wifi aliketi kwenye kigoda, akaegemeza kioo kwenye ndoo. Mvuke ukakifunika kioo. Akakifuta, ukakifunika tena. Hata kingekuwa kikavu, tumbo la mwezi wa tisa halimwachii mwenyewe nafasi ya kuona kilicho chini yake. Basi akaamua kufuata mkono, kwa kupapasa. Ngozi ya sehemu zile kwa wakati huo huwa imevimba kidogo na damu ni nyingi, maana ujazo wa damu ya mjamzito hupanda kwa karibu nusu kufikia miezi ya mwisho. Wembe uliteleza mara moja tu. Mkono mmoja akaubana kwenye jeraha, wa pili haukupata pa kushika kwa ajili ya povu, na kigoda kilikuwa kifupi. Hakuweza kuinuka.

Hakupiga kelele. Ni mwanamke mwenye haya. Alikaa pale akiita "wifi, wifi" kwa sauti ambayo redio ya barazani ilikuwa ikiimeza. Aliyegundua ni mama, aliyekuwa akiosha vyombo uani. Maji ya bafu yetu hutokea kwenye mfereji wa saruji na kupita mbele ya karo. Mama aliona maji yamekuwa mekundu.

Sikupata kumsikia mama akipiga ukelele wa namna ile. "Damu! Mtoto wa watu anatoka damu!" Na alikuwa na haki. Kutokwa na damu katika mimba ni dalili ya hatari, imeandikwa mpaka kwenye kadi ya kliniki, na asiyejua imetoka wapi hapaswi kukaa kukisia. Mtoto wa jirani akatumwa bajaji. Mimi nikashika mlango, nikasukuma, mninga haukutikisika. Mdogo wangu akaja na bisibisi, akakumbuka kwamba bawaba ziko ndani. Akakimbia kuchukua msumeno.

"Usiuharibu mlango!" Wifi alipaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Nyamaza, mke wangu. Mbao zipo."

Alikata tundu usawa wa komeo, jasho likimtiririka, na sidhani kama aliwahi kukata mbao vibaya hivyo maishani mwake. Mama alikuwa akisoma Ayatul Kursi. Nje bajaji ikipiga honi, na majirani waliojaa kwenye baraza walikuwa wamekwisha kupongezana kwamba mtoto anazaliwa nyumbani. Nikapitisha mkono kwenye tundu, nikafungua komeo, nikamfunika wifi khanga mbili kabla mtu mwingine hajaingia. Wembe nikauokota chini ya ndoo. Yeye akaniambia sikioni tu, "Nimejikata, wifi. Sio mtoto." Nilimwamini, lakini tulipanda bajaji.

Mkunga aliyetupokea alimlaza, akamwangalia vizuri, akabana shashi kwenye jeraha mpaka damu ikakata, akampima presha, akaweka kipembe tumboni na kusikiliza mapigo ya mtoto kwa utulivu. Mtoto hana neno. Akamfundisha kuosha kwa maji safi na kuangalia kama patavimba au kutoa usaha. Ndipo akauliza, bila ukali, "Nani kakwambia unyoe?"

Wifi akatazama ukuta. Mama akatazama mkoba wake.

"Hatuhitaji," mkunga akasema. "Ukitaka mwenyewe, punguza kwa mkasi na mtu akusaidie. Usipotaka, njoo hivyo hivyo. Wembe unaacha vidonda vidogo vidogo, vingine huvioni kwa macho, na vijidudu vinapita humo."

Ningependa kila ukuta wa kliniki ungekuwa na maneno hayo. Kunyoa wazazi kabla ya kujifungua ilikuwa kanuni ya hospitali kwa miaka mingi, ikidhaniwa inazuia maambukizo na kurahisisha kushona. Lakini mwaka 1922 lilichapishwa Marekani jaribio lililolinganisha walionyolewa na wasionyolewa, na homa baada ya kuzaa haikupungua kwa walionyolewa. Majaribio ya baadaye yakaunganishwa na hilo, jumla wanawake 1,039, na hitimisho likawa lile lile: kinga haikuonekana, ila mikwaruzo, wekundu, na muwasho nywele zinapoanza kurudi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba kumnyoa mama kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida kusiwe utaratibu. Hata kwa upasuaji, mwongozo wake wa 2016 unasema nywele ziachwe, au kama ni lazima zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, na wembe usitumike.

Njiani kurudi mama hakusema neno. Mimi nilikuwa na hasira. Tulipofika nilimwambia, kwa heshima lakini nilimwambia, kwamba mwanamke aliyebeba mtoto miezi yote hiyo hastahili kutishwa kwa ajili ya nywele. Nywele si uchafu.

Mama aliweka mkoba chini. Akasema, "Wewe nilikuzaa wakati wa vita vya Kagera."

Hilo nilikuwa nalijua. Sikuwa najua yaliyobaki. Alifika hospitali usiku, uchungu umemshika, na nesi wa zamu akamfunua na kumgombeza mbele ya wazazi wenzake: mchafu, amekuja mchafu, hana mama wa kumfundisha? Kisha akamnyoa kwa wembe mkavu, akiwa kwenye uchungu, akapigwa bomba la maji ya sabuni, na kila alipojikunja akaambiwa atulie. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa amemfundisha kila kitu. Uchungu tu ulimtangulia kabla hajajiandaa. "Nilipokuwa nakuzaa," akasema, "nilikuwa namfikiria yule mwanamke, sikuwa nakufikiria wewe. Nilitaka huyu asifikirie mtu mwingine."

Hasira yangu ikanitoka yote. Wifi, aliyekuwa amelala ubavu kwenye mkeka, akanyoosha mkono akamshika mama mguu.

Kujisafisha kwenyewe kulimalizika siku chache baadaye, jeraha lilipofunga, na wifi ndiye aliyeamua. Mdogo wangu kwanza alirudi na mashine ya kunyolea aliyoazima kwa kinyozi wa mtaa. Mama akaikataa mlangoni, na hapo nilimuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mashine inayozunguka vichwa vya mtaa mzima hubeba mapunye, na ikimkwaruza mtu hubeba hata homa ya ini. Ikarudishwa. Wakatumia mkasi mdogo wenye ncha za mviringo, mpya, uliochemshwa. Wifi alilala kitandani, mito mgongoni, mumewe akiwa na taa ya simu na kitana, akikata juu ya kitana ili ncha isiguse ngozi. Mama aliketi nje ya pazia.

"Umeona vizuri?"

"Naona, mama."

"Usifike mpaka chini."

"Sifiki, mama."

"Unapunguza tu?"

"Napunguza tu, mama."

Seremala anajua kipimo. Nami nilikwenda duka la dawa kununua nyembe nyingine za mfuko, nikazifunga ndani ya glovu kwa uzi, mtu asizichomoe tena.

Mtoto alizaliwa alfajiri ya Jumanne, wa kike. Sisi tulikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Tuliporuhusiwa kuingia, mama hakuuliza uzito wala mtoto anafanana na nani. Aliinama kwenye sikio la mkaza mwanawe.

"Walikusema?"

"Wanisemee nini, mama?"

"Kule."

"Hawakunisema. Yule dada alikuwa ananishika mkono, ananiambia pumua."

Mama akamtafuta mkunga kwa macho, akamfuata mpaka mlangoni, akaishika mikono yake yote miwili, akamshukuru na kumwombea dua ndefu. Mkunga aliitikia amina, na mama hakumwambia ni kwa ajili ya nini.