Mhadhara Mkuu wa Vanga Kuhusu Shahada Zipatikanazo kwa Kontrola

Wazee wetu wa baraza, kina mama mliotoka kupanda mikoko hamjaosha hata miguu, na nyinyi vijana wa bodaboda mnaoacha injini zikinguruma kana kwamba elimu ni jambo la dakika mbili: zimeni hizo injini. Mbele yenu amesimama mtu mwenye shahada 13. Si maneno ya barazani. Zimehifadhiwa ndani ya mashine, kwenye chumba cha gemu nyuma ya soko la samaki, na mwenye shaka aende akazione, ila asiguse kitu, kuna mtu bado yuko kwenye mtihani.

Najua mmechoka kuhutubiwa kuhusu elimu ya juu. Kila mwaka huteremka watu wenye tai kutoka Lunga Lunga, wakala pweza wetu, wakawaambia vijana wasome, kisha wakaondoka kabla bamvua halijajaa na maji hayajaingia mtaani. Mimi siondoki. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa pwani hii ya kusini aliyepita vyuo vikuu vitano bila kukanyaga feri ya Likoni. Nimesoma Sim State, nikasoma La Fiesta Tech, nikaingia Académie Le Tour ambako sikuelewa neno lakini nilipendeza sana, kisha Britechester, kisha Foxbury. Nitajieni profesa mwingine mwenye rekodi hiyo. Nyamazeni basi.

Kwa wasiojua, The Sims ni gemu ambayo ndani yake hakuna mpira wala bunduki. Kuna watu tu: wanakula, wanalala, wanaoga, wanagombana. Aliyeibuni ni Mmarekani Will Wright, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto wa Oakland mwaka 1991, akaanza kutafakari jinsi mtu anavyoanza maisha upya kuanzia kijiko. Gemu ikatoka mwaka 2000. Toleo la pili likafuata, na Machi 2005 likapata nyongeza yake ya kwanza. Sasa sikilizeni vizuri. Waliotengeneza wangeweza kuanza na lolote: wanyama, baridi na mvua, biashara, safari. Hayo yote yalikuja baadaye. Walianza na chuo kikuu.

Kwa nini? Wenzangu wa nje watawaambia ni kwa sababu ya mabweni na sherehe. Wenzangu wa nje hawajafika Vanga.

Kabla ya nyongeza ile, mtu wa gemu alikuwa akimaliza umri wa kuwa barobaro, anazunguka mara moja hivi, na papo hapo ni mtu mzima mwenye kazi, bili na mgongo unaouma. Nyongeza ikaleta umri wa katikati, ujana wenyewe hasa. Lakini iliutia sharti: ujana ule hupewa anayekwenda chuo. Asiyekwenda anaruka, kutoka ubarobaro hadi ukubwa, hakuna kituo. Nilipoligundua hilo nilisimamisha gemu nikatoka nje kupunga upepo, maana waliokuwa wakichora gemu hiyo kule California walikuwa wametuchora sisi. Si ndivyo tuishivyo? Mtoto anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza yuko kwenye mashua anavuta nyavu. Akipindua mwaka ana mke, akipindua wa pili anaitwa Baba Fulani na anahudhuria vikao vya mazishi kama mchangiaji. Mwenzake aliyepata C+ na kwenda chuo, umri uleule, anaitwa mtoto hadi miaka 25 na anatumiwa pesa ya sabuni.

Kuna kijana mmoja huja kwenye chumba cha gemu usiku, pepo zikiwa mbaya na mashua hazijatoka. Vidole vimechanjwa na uzi wa nyavu, na akiondoka mimi hufuta magamba ya samaki kwenye kontrola. Ameingiza mtu wake chuoni Britechester, amemvalisha sweta, amemketisha kwenye majani ya kampasi. Basi. Mtu ameketi. Saa ya darasa inafika, yeye ameketi. Nikamwambia, kwa ukali unaostahili cheo changu, "Mpeleke darasani, atafukuzwa huyo!" Akanijibu bila kugeuka, "Mwache kwanza akae, mjomba." Hoja hiyo nimeipa alama ya A.

Tuje kwenye hesabu, maana msomi bila hesabu ni mshairi. Katika nyongeza ile ya 2005, shahada ni miaka minne, kila mwaka mihula miwili, kila muhula saa 72 za gemu. Saa moja ya gemu ni takriban dakika moja ya kwetu. Zidisheni. Ni dakika 576, yaani saa 9 na dakika 36, na mwenye kusali vipindi vyote na kula chakula cha mchana anamaliza kwa siku mbili. Huku kwetu mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waliweka chaki chini mwezi Septemba wakaishika tena Novemba, na siwalaumu, nami pia nisipolipwa huwa sihutubii. Lakini niambieni: muhula ulikwenda wapi? Kwenye The Sims mhadhiri hagomi. Mtihani haupotei. Hakuna mwanafunzi anayezunguka ofisi kwa ofisi na faili kwapani akitafuta alama za somo alilolifanya mwaka wa pili. Ukisoma, mstari unapanda, unauona kwa macho yako ukipanda. Sijui kama mnaelewa utamu wa mstari unaopanda.

Mikopo ipo vilevile, msidhani ni peponi. Nyongeza ya The Sims 4, iliyotoka Novemba 2019 kwa kompyuta na Desemba kwa PlayStation, ina mkopo wa wanafunzi. Tofauti ni kwamba mambo yakibana unauza sofa na pesa inaingia hapo hapo. Bodi yetu ya mikopo, HELB, iko tangu 1995, na anayechelewa kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hebu jaribu kupeleka sofa.

Naona maalim ananitazama kwa jicho la sherehe za kampasi. Maalim, tulia. Katika gemu hii wanafunzi wanakusanyika kwenye pipa, wanarusha vipira kwenye vikombe, wanapiga makelele hadi alfajiri, na ndani ya pipa ni sharubati. Sharubati, wallahi. Ndicho chuo kikuu pekee duniani ninachoweza kukipendekeza kwa wazazi wa Vanga na wa kijiji jirani cha Jimbo bila kuinamisha uso.

Shahada zenyewe, katika nyongeza hiyo ya The Sims 4, ni 13: biolojia, uchumi, mapishi, historia na nyinginezo, na mojawapo ni Shahada ya Ubaya. Ndiyo, ubaya wa kusomea, wenye mitihani na mahafali. Nilipoipata, mzee mmoja aliniuliza kama nitagombea kiti. Nimeweka akiba ya jibu.

Lakini jambo linaloniuma kama mtaalamu ni hili. Hapa Vanga na kule Gazi kila msimu huja wanafunzi wa vyuo vya kweli, wenye mabuti ya mpira na kamba, wanapima mikoko yetu. Mradi wa Vanga Blue Forest una zaidi ya hekta 460 za mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu, na unauza hewa ya ukaa iliyonaswa na miti hiyo. Nani anayewaonyesha wageni hao njia ya matopeni? Nani anayewaambia huu ni mkoko, huu ni mchu, huu ni muia, usikanyage hapo utazama? Wao wanaondoka na shahada za uzamili, sisi tunabaki na mabuti yao yaliyotoboka. Vanga ni kampasi tayari, wenzangu! Kilichokosekana ni mstari wetu kupanda.

Tena msije mkaambiwa mahafali ni jambo la kigeni. Hapo jirani pana magofu ya Vumba Kuu. Mtu hakuwa Diwani wa Vumba, yaani mtawala wake, kwa kutaka tu. Alilisha watu karamu ya kumfilisi, ndipo akapigiwa siwa na kukubaliwa. Karamu, ada, joho, baragumu. Hayo yamebaki vilevile, ila siku hizi karamu hulishwa na mama mzazi, tena kwa mkopo wa chama.

Kwa hivyo hukumu yangu, ambayo haina rufaa, ni kwamba watu hawaipendi nyongeza ya chuo kwa sababu ya chuo. Wanaipenda kwa sababu ni ofisi inayotimiza miadi, na kwa sababu inamruhusu mtu wa miaka 20 akae kwenye majani.

Maswali yataletwa kwa maandishi. Chumba hufunguliwa tena baada ya Isha, shilingi 20 nusu saa, na kontrola ya kushoto ina kitufe kibovu. Ila mzazi ambaye mwanawe ameitwa chuo mwaka huu asimlete kwangu. Amfuatilie ajaze fomu za mkopo na za basari ya kaunti mapema, tena abaki na nakala, kwa sababu tarehe ya mwisho ya fomu hizo haisimamishwi kwa kontrola.