Jinsi ya Kuharibu Bafa Bila Jasho

Umeingia maabara, umeambiwa "tengeneza bafa," na hujui uanzie wapi. Usimsumbue mtu kwa maswali. Fuata mwongozo huu, utafika pabaya mapema.

Kwanza, amini kwamba bafa ni maji yasiyo na asidi. Ukichungulia ndani utakuta asidi dhaifu, kwa mfano ile ya siki, imekaa na chumvi yake, asetati ya sodiamu. Wawili hawa wanagawana zamu. Ukimimina asidi kali, asetati inazidaka ioni za haidrojeni na kugeuka asidi ya siki. Ukimimina alkali, asidi ya siki inaachia haidrojeni zake, na alkali inaishia kuwa maji. Kwa hiyo bana matumizi: tia mmoja tu, mwache mwenzake kabatini.

Pili, usijaribu jambo hili hata kidogo. Chukua lita moja ya maji safi yenye pH 7, utie mililita 10 za asidi hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita. pH itaporomoka hadi 3. Kiasi kilekile ukitie katika lita moja ya bafa yenye moli 0.1 ya asidi ya siki na moli 0.1 ya asetati: pH itatoka 4.76 na kusimama 4.75. Ukishuhudia hayo unaweza kuanza kuiheshimu bafa, na mwongozo wetu utakosa kazi.

Tatu, tumia bafa hiyohiyo popote. Nguvu yake iko karibu na 4.76, pale asidi na chumvi zinapolingana. Ukienda mbali zaidi ya pH moja, juu au chini, inalegea. Wewe itumie kwenye kazi inayotaka 7.4, kisha ulaumu mashine.

Nne, ikipungua chupani, ijaze maji hadi iwe mara kumi. Hapa ndipo ujanja ulipo: kipimo cha pH kitasoma karibu vilevile, kila mtu ataridhika, kumbe uwezo wa kuhimili asidi umebaki sehemu moja ya kumi.

Tano, endelea kudondosha asidi, tone baada ya tone, maana pH haitikisiki. Wahenga walishasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Asetati ikiisha, matone yanayofuata yataiangusha pH kama hakukuwa na bafa.

Damu yako yenyewe haifuati mwongozo huu. Bikaboneti na asidi ya kaboniki hushikilia pH yake kati ya 7.35 na 7.45, huku mapafu yakitoa kaboni dayoksaidi ya ziada kila unapopumua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kweli unataka bafa: pima wote wawili, asidi dhaifu na chumvi yake, chagua jozi inayofaa pH unayoitaka, na uandike ubavuni mwa chupa si pH tu, bali pia ina moli ngapi kwa lita.