TV ya Flati Haifi Kirahisi: Sababu Saba za Kutoitupa, Tukihesabu Kutoka Mwisho

Hapa Kalemela, wilaya ya Busega mkoani Simiyu, TV nyingi za flati zilinunuliwa kwa pesa ya pamba. Msimu ulikwenda vizuri, mizani haikumpunja mtu, baba akarudi na boksi juu ya bodaboda. TV ya zamani ya chogo ikahamia chumba cha watoto. Miaka imepita, sasa flati nayo imezima, na shemeji mmoja mwenye haraka amekwisha kusema: "Hiyo imekufa, nunua nyingine."

Shemeji apewe chai, asubiri. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya mafundi wa huku, na ninachokiona ni kilekile: TV inaitwa maiti, kumbe kilichokufa ni kidude kimoja cha bei ndogo. Pamba ya miaka ile ilikwisha kununua TV. Pamba ya mwaka huu inunue ndama.

Tuhesabu, tukianza na dogo.

7. Rimoti inasingiziwa, au inasingizia

Kabla hujaishitaki TV, ihoji rimoti. Washa kamera ya simu, ielekezee ile taa ndogo ya mbele ya rimoti, kisha bonyeza kitufe. Simu nyingi zitakuonyesha mwanga ambao jicho halioni, hasa ukitumia kamera ya mbele. Hakuna mwanga? Badili betri. Bado? Nunua rimoti. Usiipakie TV ya inchi 42 kwenye bodaboda mpaka Nyashimo kwa ajili ya betri mbili.

6. "TV hii ni ya zamani, haishiki chaneli"

Ni kweli haishiki, lakini si ugonjwa. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza ikafuata mapema mwaka 2013. Flati iliyotengenezwa kabla ya hapo inahitaji king'amuzi tu. Kama king'amuzi chako bado kina matundu ya AV, chukua zile nyaya tatu: ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Ingia kwenye "source", chagua AV, kaa chini. Simba na Yanga hawaulizi TV yako ilizaliwa lini.

5. Imeganda kwenye nembo

Inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inarudia. Mara nyingi programu ndiyo iliyoharibika, na fundi anaweza kuipakia upya kwa flashi. Sharti ni moja: programu ilingane na namba iliyoandikwa kwenye bodi na aina ya kioo, si jina lililo kwenye fremu tu. Ukikosea, mtangazaji wa habari anaweza kutokea miguu juu kichwa chini. Fundi mzuri huhifadhi kwanza programu ya zamani ndipo aweke mpya. Muulize kama amefanya hivyo. Akikasirika, umepata jibu.

4. Kioo kimepasuka

Hapa siwezi kukupa moyo wa uongo. Mtoto amerusha rimoti, kioo kimechora utando wa buibui: kukibadilisha kunakaribia bei ya TV nyingine. Lakini hata hii usiitupe! Bodi ya pawa, bodi kuu, spika na nyaya za utepe bado ni nzima, na kuna jirani mwenye kioo kizima na bodi iliyoungua. Mpelekee fundi, mkubaliane bei. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inawalazimisha watengenezaji wa skrini kuuza baadhi ya vipuri kwa miaka isiyopungua 7 baada ya toleo la mwisho kuingia sokoni. Fundi wetu hana sheria hiyo. Ana rafu yenye TV zilizopasuka, na rafu hiyo inastahili heshima.

3. Kapasita zimevimba vichwa

Sasa tunaingia ndani. Dalili zake ni hizi: taa nyekundu inapepesa, TV inalia "ta, ta, ta" bila kuwaka, au inawaka baada ya kuhangaishwa nusu saa. Ukifungua mgongo, kwenye bodi ya pawa unaona vile vikopo vidogo. Kichwa kinapaswa kuwa bapa. Kikituna au kikivuja, mtuhumiwa amepatikana. Vipo pia vinavyokufa kichwa kikiwa bapa, ndiyo maana fundi hupima kwa mita na haamini macho peke yake.

Joto ndilo linalovikausha. Tiba yake ni rahisi: uwezo uleule kwa maikrofaradi, volti zilezile au kupita kidogo, vya kuhimili nyuzi 105, na upande wa hasi ukae palepale ulipokuwa. Ukigeuza, kitalipuka, na jirani atadhani mmeanza sherehe.

Hapa ninaongea kwa ukali wa kaka mkubwa. Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini ukishanyooshwa ndani ya TV, kile kikopo kikubwa hubeba takribani volti 325, na kinaweza kuendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujui kukimaliza chaji, usiufungue mgongo. Na wewe fundi kijana, usikipigie bisibisi kikatoa cheche ili wateja wakuone shujaa. Tumia rezista au balbu. Tunakuhitaji ukiwa na vidole vyote.

2. Sauti ipo, picha hakuna

Huyu ndiye mfalme wa benchi. Watu wanasikiliza tamthilia kama redio huku kioo kikiwa cheusi, wanaamini kioo kimekufa. Fanya jaribio hili usiku: zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike kioo kwa karibu, kwa pembeni. Ukiona watu wanatembea humo ndani kama kivuli, shangilia. Kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma.

Flati za mwanzo zilitumia mirija myembamba ya mwanga yenye zebaki ndani. Hiyo usiivunje, na watoto wasiichezee. Zilizofuata zina mikanda ya taa za LED, na taa hizo zimeungwa mfululizo, kama ng'ombe wa kulima waliofungwa nira moja: mmoja akilala chini, jembe lote linasimama. Taa moja ikikatika, saketi inayoziendesha inahisi hitilafu na kuzima zote. Ndiyo maana wakati mwingine picha hutokea sekunde moja, kisha giza.

Kuna fundi atakayebadili taa moja iliyoungua, na kuna atakayebadili seti nzima. Mlipe wa pili. Zile zilizobaki zimezeeka pamoja na marehemu, zitamfuata baada ya muda mfupi, na kila unapofungua kioo unakihatarisha. Mikanda mipya ifanane na ya awali kwa urefu, idadi ya taa na volti, maana zipo taa za volti 3 na za volti 6. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili, na zile karatasi nyeupe za kusambaza mwanga zirudi kwa mpangilio uleule, bila alama za vidole. Kisha fundi apunguze kidogo mkondo unaokwenda kwenye taa. Picha itapungua ung'avu kidogo, na maisha ya taa yataongezeka sana.

Wewe mwenyewe, leo hii, bila bisibisi: ingia kwenye mpangilio wa picha, tafuta "backlight", ishushe kutoka 100 hadi 50 au 60. Wenye kibanda umiza, ninyi mnaowasha kuanzia mechi ya mchana hadi filamu ya usiku, nawaomba zaidi.

1. Umeme, radi na kile kitambaa cha mama

Namba moja si kipuri, ni sisi wenyewe.

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Unaporudi, unaweza kurudi kwa kishindo, na bodi ya pawa ndiyo inayopokea salamu. Subiri utulie dakika chache. Stabilaiza ya kweli, au kifaa cha kuchelewesha umeme kama kile cha friji, ni rahisi kuliko bodi.

Kitambaa kilichofumwa kilipendeza juu ya chogo, na mikono iliyokifuma naiheshimu. Juu ya flati kinaziba matundu ya kupumulia. Mama, shikamoo, tukihamishie kwenye kochi. Vumbi la kiangazi nalo lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, TV ikiwa imezimwa. Maji yasipulizwe kiooni, kwani huteremka hadi ukingo wa chini na kuunguza nyaya za utepe. Ukiitundika ukutani, iache ipumue nyuma, na usiipe mijusi nyumba ya bure karibu na taa inayovuta wadudu wa ziwani.

Halafu radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na sisi tunaishi ukingoni mwake. Stabilaiza haizuii radi. Kuzima kwa rimoti hakuzuii radi. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi ukutani, na chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, kwa sababu radi hupita huko pia. Fanya hivyo kabla mvua haijafika kwako, hata kama ni dakika ya 89.