Namna ya Kumshinda Bingwa wa Pikipiki Kijiweni

Kila kijiwe cha bodaboda kina bingwa wake. Anajua bei za pikipiki ambazo hajawahi kuzigusa, anajua spidi zake, na video zote ameshaziona. Siku ikitajwa Harley-Davidson atakaa sawa kwenye benchi, atakohoa kidogo, kisha atatoa hukumu: injini ya cc 1,746 inayoshindwa kutoa hata nguvu farasi 100 ni chuma cha kutishia watoto, maana Yamaha R1 ina cc 998 tu na inatoa 200. Wenzake watatikisa vichwa kwa kukubali. Wewe usikubali, wala usipandishe sauti.

Muulize kwa upole: "Hizo 200, kaka, zinapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika?" Hapo ndipo mabingwa wengi hukumbuka kwamba kuna abiria anawasubiri.

Akibaki, mpe jibu. R1 ya toleo la 2015 inafikisha nguvu hizo kwenye mizunguko 13,500. Namba ya nguvu farasi ikitajwa bila namba ya mizunguko, umeambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuambia injini ilitengenezwa kwa kazi gani. Hesabu yake mtoto wa shule anaiweza. Injini inasokota krenki. Chukua nguvu ya msokoto huo kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Harley yenye injini ya Milwaukee-Eight ya inchi za ujazo 107 inasokota kwa takriban nyutoni-mita 150 kwenye mizunguko kama 3,250. Piga hesabu: kilowati 51. Kilele cha msokoto wa R1 ni nyutoni-mita 112, kwenye mizunguko 11,500. Piga tena: kilowati 135. Maana yake, Harley inasokota kwa nguvu iliyozidi kwa theluthi nzima, lakini R1 inasokota mara tatu na nusu zaidi ndani ya dakika ileile.

Bingwa atauliza, basi kwa nini hao wa Milwaukee, nyumbani kwa Harley, wasiiache injini yao nayo ikimbie? Ni swali zuri, mshukuru. Kisha omba pistoni mbili, au zichore mchangani kwa kijiti kama hazipo. Pistoni ya R1 ina upana wa milimita 79 na inasafiri milimita 50.9 tu kutoka chini hadi juu. Pana, fupi, karibu kama kifuniko cha kopo. Ile ya Harley ina upana wa milimita 100 na safari ya milimita 111. Sasa fikiria kinachotokea mule ndani. Kwenye mizunguko 13,500, krenki ya R1 inazunguka mara 225 kila sekunde, na kwa kila mzunguko pistoni inasimama kabisa mara mbili, juu na chini, kabla ya kurushwa upande wa pili. Mara 450 kwa sekunde kipande cha aluminiamu kinasimamishwa na kuondolewa tena, na wastani wa mwendo wake ni karibu mita 23 kwa sekunde. Injini za barabarani hazivuki sana hapo. Harley kwenye mizunguko 5,000 ina wastani wa mita 18.5. Ukiilazimisha ifike 13,500 ungekuwa na mita 50 kwa sekunde, na mvutano kwenye konrodi ungeongezeka zaidi ya mara 7, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mizunguko. Konrodi ingetoka kukusalimia nje ya injini.

Kwa hiyo safari ndefu ya pistoni na mizunguko michache ni ndugu wasioachana, na safari fupi na mizunguko mingi vivyo hivyo. Kwenye pikipiki ya spoti kama R1, silinda nne zenye pistoni pana zinaacha nafasi ya valvu kubwa, hewa nyingi inapita kwa muda mfupi, na kamshafti mbili zinakaa juu kabisa ya valvu ili pasiwe na uzito wa ziada wa kurushwa huku na huko. Kwenye kruza kama Harley kazi ni nyingine. Mtu amekaa wima, miguu mbele, mzigo nyuma, na barabara ya Marekani imenyooka hadi macho yachoke. Anataka akivuta resi kwenye gia ya mwisho, pikipiki iondoke bila kuuliza maswali.

Hapa usimwonee bingwa kwa uongo wa upande wako. Mbio R1 inashinda, tena kwa mbali. Ina uzito wa kilo 199 na mafuta yake, wakati Harley nyingi za aina ya Softail zinacheza kwenye kilo 300. Mkubalie hilo mapema. Halafu muulize ataitumia wapi. Gia ya kwanza pekee ya R1 inapita kilomita 140 kwa saa, na sheria ya Tanzania inakutaka usizidi 50 ukiwa kwenye makazi. Kwenye foleni ya Ubungo mpanda R1 anaishi na mkono kwenye klachi, kifua kimelala juu ya tenki, injini ikiwa mbali kabisa na pale ilipofundishwa kuishi. Mwenye Harley naye asicheke. Silinda ya nyuma iko chini ya paja lake, na kwenye foleni hiyohiyo paja litajua.

Ubishi wa mlio ndio mtamu kuliko wote, na ndio unaohitaji utulivu. Silinda mbili za Harley zimepishana kwa nyuzi 45, mpango ambao kampuni imekuwa nao tangu 1909, na konrodi zote mbili zimeshikwa kwenye pini moja ya krenki: moja imegawanyika kama uma, nyingine inapita katikati yake. Kwa sababu hiyo milipuko haiachani kwa nafasi sawa. Mmoja unafuata baada ya nyuzi 315 za mzunguko, unaofuata baada ya 405. Masikio yanasikia mbili za haraka, kimya kidogo, mbili za haraka. Mwaka 1994 kampuni iliomba mlio huo usajiliwe kama alama yake ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ikaondoa ombi.

Mwambie bingwa na kisa cha Honda, nacho kitamkalisha. Honda ilikuwa imetengeneza kruza ya Shadow yenye pini mbili za krenki zilizopishana, mahsusi kupunguza mtetemo. Ilikuwa kazi safi ya uhandisi. Katikati ya miaka ya 1990 ikatoa Shadow ACE yenye pini moja, ili ingurume kama ya Milwaukee. Wahandisi walirudisha mtetemo waliokuwa wameuondoa, kwa sababu wanunuzi waliutaka. Harley wenyewe, walipoiwekea Milwaukee-Eight shafti ya kupunguza mtetemo kwenye pikipiki za safari ndefu, waliiacha robo ya mtetemo makusudi. Na asije mtu wa spoti akajifanya hayo hayamhusu: R1 ya 2009 ilipewa krenki yenye pini zilizopishana kwa nyuzi 90, na tangu hapo silinda zake nne hazilipuki kwa nafasi sawa, ila Yamaha walifanya hivyo ili mpanda asome vizuri tairi la nyuma anapofungua resi kwenye kona.

Sasa lete karata ambayo hakuna atakayeitarajia. Harley hizo kubwa za leo bado zina kamshafti chini, karibu na krenki, na valvu zinafunguliwa kwa vijiti virefu vya kusukuma. Bingwa atasema hiyo ni teknolojia ya babu. Mgeuze aitazame pikipiki ya Kichina ya cc 125 iliyoegeshwa pembeni yake. Nyingi kati ya hizo zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, na CG125 nayo, ilipotoka miaka ya 1970, ilipewa vijiti vya kusukuma kwa makusudi. Honda walijua itauzwa kwa watu wanaobeba mizigo kupita kiasi na kuchelewa kumwaga oili. Kamshafti ya juu inaumia haraka oili ikichoka, ile ya chini inavumilia. Hiyo bodaboda na Harley ya mamilioni zinafungua valvu kwa njia ile ile. Boxer ndiyo yenye kamshafti juu, inayozungushwa na taimingi cheni, kama spoti. Mwache aangalie pikipiki za wenzake kwa zamu.

Anaweza kukujia na vighairi, na vighairi ni halali. Ducati wametengeneza spoti za silinda mbili kwa miaka mingi. Panigale 1299 ilikuwa na pistoni za upana wa milimita 116 na safari ya milimita 60.8, ikapita nguvu farasi 200. Harley nao, mwaka 2001, walitoa V-Rod, kruza yenye rejeta na injini iliyosanifiwa pamoja na Porsche. Mjibu kwa swali lako la kwanza: mizunguko mingapi? Panigale inafikia kilele kwenye 10,500, kwa safari fupi ya pistoni. Idadi ya silinda haikuambii kitu mpaka uijue safari ya pistoni.

Mwisho, muulize oili gani ameweka kwenye pikipiki yake mwenyewe. Harley kubwa zina sehemu tatu za oili, ya injini, ya klachi na ya giaboksi, kila moja peke yake. R1 na bodaboda zote kijiweni zina oili moja inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Akiwa ameweka oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano, klachi itateleza: akipanda mlima injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Aimwage, aweke yenye alama ya JASO MA au MA2. Ikiendelea kuteleza baada ya hapo, sahani za klachi zimekwisha, na fundi yuko ng'ambo ya barabara.